Sio malezi yenu, dada
Dada umeuliza kwa nini vijana wa jamii za wachache ndo wanazama kwenye madawa, na kama mdogo wako kaharibikia kwenye malezi. Hapana, usijibebeshe hilo. Kijana anabaguliwa shuleni, polisi wanamsimamisha kila siku, kazi hapati, lazima atafute cha kutuliza kichwa, halafu akikamatwa anafungwa wakati mwenzake mwenye hela anapelekwa kutibiwa. Marekani sheria ya 1986 ilitoa angalau miaka 5 jela kwa gramu 5 za kraki (kokeini ya vipande inayovutwa kama moshi), ila kokeini ya unga mpaka zifike gramu 500, na waliofungwa kwa kraki wengi walikuwa weusi! Mdogo wako usimfukuze jamani, akirudi usiku kaa nae, muulize nani kamuumiza, mtafutie kliniki wanaoongea lugha yake.