Wadogo zangu mnaotafsiri Kichina, chengyu msizipitishe Uingereza

Juzi nimekaa tena kwenye kikao, dogo mmoja ndo anatafsiri, bosi akatokea mlangoni wakati ndo anazungumziwa, Mchina wa pembeni akacheka akasema shuo Cao Cao, Cao Cao dao, yani mtaje Cao Cao, Cao Cao anafika. Dogo bila kupepesa macho akawageukia watu wa halmashauri: "Amesema ukimtaja shetani, anatokea." Na bosi mwenyewe huyo anavuta kiti!

Najua hiyo ni suyu, msemo wa mtaani, sio chengyu, ile misemo ya kale ya Kichina ambayo mingi ni ya silabi nne, msianze. Ila shetani katoka wapi? Cao Cao ni jemadari wa China wa miaka ya mwishomwisho ya enzi ya Han, kafa mwaka 220, hana ushetani wowote kwenye ule msemo. Mswahili angesema "una maisha marefu wewe, sasa hivi tumetoka kukutaja", watu wangecheka, kikao kingeendelea. Shetani ni wa Waingereza, na dogo kamtoa kwenye kamusi, maana wengi wenu mnasoma Kichina kwa Kiingereza halafu ndo mnakuja kutuletea Kiswahili. Naliona hili kila msimu wakija wapya, kwa hiyo naandika.

1. Ukisikia chengyu, jiulize kwanza bibi yako angesemaje. Dui niu tan qin, kumpigia ng'ombe kinanda, si ndo kumpigia mbuzi gitaa? Kimebadilika mnyama na chombo tu. Lakini nimeshasikia mtu anatafsiri "kutupa lulu mbele ya nguruwe", kwenye futari, mbele ya masheikh. Di shui chuan shi, bandu bandu huisha gogo. Luan qi ba zao, shaghalabaghala, tena hata mdomoni zinafanana. Fu shui nan shou ndo usiseme, maji yakimwagika hayazoleki, karibu neno kwa neno, wakati Kiingereza kinakupeleka kwenye maziwa yaliyomwagika na kukuambia usilie, kitu ambacho Mchina hajasema. Ila hiyo muwe nayo makini, kisa chake maarufu ni cha Zhu Maichen wa enzi ya Han, mke kamkimbia kwa umaskini, jamaa kaja kupata cheo, mke anataka kurudi, jamaa akamwaga maji chini mbele ya farasi wake akamwambia haya yazoe. Ndo maana Wachina wanaitumia sana kwenye ndoa zilizovunjika, usiichomeke kwenye mkataba wa saruji.

Na xinku le jamani. XINKU LE. Ni "poleni na kazi", basi. Kiingereza hakina hilo neno ndo maana kamusi inahangaika, mara "umefanya kazi ngumu", mara "asante kwa juhudi zako", na nyie mnaleta hivyo hivyo kwa vibarua waliotoka kumwaga zege tangu alfajiri wakati wao wenyewe "pole na kazi" wanaambiana kutwa nzima.

2. Wangyang bulao, yani kondoo kapotea, ziba zizi. Hapa nitakaa, maana bado inaniuma.

Ilikuwa kijijini, maji ya masika yamekula tuta la barabara upande mmoja wa kalavati, mchanga umefunika mashamba ya mpunga. Kikao cha ofisi ya kata, yupo diwani, mwenyekiti wa kijiji, wenye mashamba, kuna mama mmoja kaja na mche wa mpunga umeoza, kaufunga kwenye kona ya khanga. Injinia wa Kichina ni mtu mzima, mpole, kaja na mchoro mpya: kalavati la pili, kuta za pembeni, na karatasi ya fidia kwenye bahasha. Mimi natafsiri upande wa msimamizi, upande wa mkandarasi kuna dogo, na dogo huyo nawaambia ana bidii kuliko nyie wote, alikuwa na daftari amepigia mistari kwa kalamu nyekundu, chengyu za kikao kaziandaa usiku uliopita. Wangyang bulao ilikuwemo.

Injinia akasimama, akainamisha kichwa kidogo, akaanza na hizo silabi nne. Mkia hakuusema, wei shi bu wan, "muda haujapita", maana kwa Mchina aliyesoma mkia unajulikana, hausemwi. Dogo akatafsiri: "Anasema ng'ombe wameshatoka, ndo mnakuja kufunga zizi."

Pakawa kimya. Yule mama akafungua kona ya khanga, akautoa ule mche, akauweka mezani mbele ya injinia. "Kumbe katuita atucheke." Akasimama. Wenzake wakasimama. Injinia haelewi, anaona watu wanaondoka, akafanya wanachofanya Wachina wengi wakichanganyikiwa mbele za watu, akatabasamu. Lile tabasamu ndo likamaliza kila kitu. Dogo kuona hivyo akataka kuokoa, akaongeza maelezo, kwamba farasi akishakimbia kufunga mlango hakusaidii, yani anazidi kuchimba.

Nikamwomba diwani ruhusa, nikasema mzee huyu amesema kawia ufike, uharibifu umetokea, amekuja kurekebisha na hajachelewa. Mama akaniangalia mimi, akamwangalia dogo. "Sasa mbona mwenzio kasema vingine?" Walirudi kukaa, lakini siku ile hakuna aliyesaini, na bahasha ilirudi kwenye gari kama ilivyokuja.

Baadaye dogo akanionyesha simu, anatetemeka. Kamusi ilikuwa imepanga maana zote mstari mmoja: kuchukua hatua kwa kuchelewa, heri kuchelewa kuliko kuacha kabisa, kufunga zizi farasi keshakimbia. Ya kwanza haina msimamo, ya pili inafariji, ya tatu inakebehi, na kamusi haijali, zote inaziona sawa. Dogo alichukua ya tatu kwa sababu nayo ina zizi na mnyama! Picha zinafanana, hukumu ziko kinyume kabisa. Kisa chenyewe kimo kwenye Zhan Guo Ce, kitabu cha kale cha visa vya falme za China zilizokuwa zikipigana: mfalme wa Chu kadharau ushauri wa Zhuang Xin, watu wa ufalme wa Qin wameshamnyang'anya mji mkuu, anamwita Zhuang Xin tena, na Zhuang Xin anamwambia, kumwona sungura ndo ukamwita mbwa hujachelewa, kupoteza kondoo ndo ukaziba zizi hujachelewa. Ni faraja. Ukikijua kisa huwezi kukosea hata usingizini.

3. Kwa hiyo someni visa. Hua she tian zu, yani kumchora nyoka ukamwongezea miguu: watu wa Chu wanashindania pombe kwa kuchora nyoka, wa kwanza kumaliza akamwekea nyoka miguu, pombe ikaenda kwa mwenzie. Dakika mbili hizo.

4. Cha qiang ren yi maana yake inaridhisha kiasi, ila Wachina wengi siku hizi wanaisema kumaanisha hairidhishi, kwa hiyo muulize msemaji palepale.

5. Mnaosindikiza wafanyabiashara wa Kariakoo kwenda Guangzhou na Yiwu, kagueni mizigo ya zawadi kabla ya safari. Tajiri wangu mmoja ni Yanga damu, akabeba kofia za Yanga kwa ajili ya familia ya anayemuuzia vitambaa. Kijani! Dai lü maozi, mwanaume kuvaa kofia ya kijani ni kwamba mkewe ana mtu nje. Wakapokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kofia zikaingia kwenye mfuko, kijana mmoja tu akajaribu kuvaa na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, tajiri akafurahi akidhani wameipenda timu. Jezi ingetosha. Na bei ya 250 sogezeni iwe 248 au 260, er bai wu ni kumwita mtu mjinga.

6. Msimrudishie Mchina methali za "Kichina" mlizozisoma kwa Kiingereza. Ile ya kwamba weiji, neno la Kichina la janga au mgogoro, ni hatari pamoja na fursa, John F. Kennedy, kabla hajawa rais wa Marekani, kaihubiri mwaka 1959 na mpaka leo inazunguka kwenye semina, wakati hiyo ji pale ni wakati nyeti, wakati mambo yanapogeuka, sio fursa. Na ile laana ya "uishi katika nyakati za kuvutia", Mchina atakuuliza umeitoa wapi.

7. Daftari liwe na safu tatu: chengyu, kisa kwa ufupi, Kiswahili. Ya Kiingereza futeni, hata kama mnajiandaa na HSK 6, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, pale mtihani wenyewe ni wa Kichina. Chengyu isiyo na mwenzake kwetu semeni maana yake wazi, msilazimishe methali. Na msemaji akimwaga tatu mfululizo, mwombeni arudie. Wanarudia vizuri tu, tena wengi wanafurahi kuulizwa na watawapa na kisa chote.