Wasomaji Wanauliza: Jeshi la Siri la Poland Mbele ya Wavamizi Wawili

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu Armia Krajowa, jeshi la siri la Poland katika Vita vya Pili vya Dunia (hapa tutaliita AK), imetuletea barua nyingi. Wengi mnauliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: watu hawa walipiganaje na adui aliye mbele yao huku mwingine yuko mgongoni? Tumechagua barua sita.

SWALI: Mliandika kwamba kati ya mwaka 1939 na 1941 upinzani ulikua upande uliokaliwa na Wajerumani, lakini upande wa Wasovieti ulivunjwa karibu wote. Je, Wajerumani si ndio waliokuwa wakatili zaidi?

JIBU: Ukatili ni jambo moja, ustadi wa kuvunja mtandao wa siri ni jambo jingine. Tarehe 17 Septemba 1939, wakati Poland ikipigana na Hitler kwa wiki ya tatu, majeshi ya Stalin yaliingia kutoka mashariki. Tarehe 28 mwezi huohuo Berlin na Moscow zilitia saini mkataba wa mpaka, sehemu kubwa yake ukifuata mto Bug. Siku moja kabla, ndani ya Warszawa, mji mkuu wa Poland uliokuwa ukisalimu amri, Jenerali Michał Karaszewicz-Tokarzewski alikuwa ameshaunda chama cha kwanza cha kijeshi cha siri. Mwezi Novemba kikageuzwa kuwa Związek Walki Zbrojnej (Chama cha Mapambano ya Silaha), kwa kifupi ZWZ, na jina la AK likaja tarehe 14 Februari 1942.

Mjerumani alimwona Mpolandi kuwa kiumbe wa chini, akajitenga naye. Aliwazoa watu mitaani na kuua mateka: huko Wawer, tarehe 27 Desemba 1939, wanaume 107 walipigwa risasi kwa sababu askari wawili wa Kijerumani walikuwa wameuawa. Lakini hakujishughulisha kumvuta Mpolandi upande wake, wala kujua nani anamwamini nani. Majirani wakabaki kitu kimoja, na kitambulisho cha Kijerumani, Kennkarte, kikawa kinaghushiwa na karakana za siri kwa wingi.

NKVD, polisi wa siri wa Stalin, walianza na watu wenyewe. Novemba 1939 wakazi walipewa uraia wa Kisovieti kwa amri, kisha wakatakiwa kuchukua pasipoti za ndani. Kujiandikisha kulimaanisha kuulizwa kazi yako, jamaa zako na utumishi wako wa jeshi. Tarehe 21 Desemba zloti, fedha ya Poland, ikafutwa, na aliyekuwa na akiba akaamka hana kitu. Hilo wengi hulipita haraka, na ni kosa: mtandao wa siri huishi kwa kodi ya nyumba, nauli na chakula cha watu wasioweza kuajiriwa. Kisha walioweza kuongoza wakaondolewa. Amri ya Moscow ya tarehe 5 Machi 1940 ilileta mauaji ya msitu wa Katyń huko Urusi na mahali pengine, karibu watu 22,000, wengi wao maafisa na polisi waliokuwa mateka. Mwezi Aprili familia zao zilipakiwa kwenye mabehewa kuelekea Kazakhstan. (Baadhi ya waliohamishwa hivyo ndio waliopitia Iran mwaka 1942 na kufika Tengeru karibu na Arusha, na Masindi nchini Uganda.)

Lililoumiza zaidi ni kwamba aliyekamatwa na NKVD hakuuawa lazima. Mara nyingi aliachiwa arudi nyumbani akiwa mtoa habari. Mjini Lwów (leo Lviv, Ukraine) kulikuwa na matawi mawili ya ZWZ yaliyoshindana, kila moja likidai kuwa ndilo halali, na NKVD walikuwa ndani ya yote mawili. Tokarzewski alikamatwa Machi 1940 akivuka mpaka kwenda kuongoza upande huo. Kanali Leopold Okulicki aliyetumwa baadaye alikamatwa Lwów Januari 1941. Isitoshe, sehemu nyingi za vijijini huko mashariki wengi wa wakazi walikuwa Waukraine au Wabelarusi ambao hawakuwa na sababu ya kuificha serikali ya Poland, kwa kuwa nayo iliwahi kuwaonea.

SWALI: Seli, yaani kikundi cha siri cha watu watano, ilifanyaje kazi hasa, na ilivunjikaje?

JIBU: Mtu alikula kiapo, akapewa jina la siri, na tangu hapo jina lake halisi halikutajwa. Kiongozi aliwajua watu wake na mmoja tu aliye juu yake. Ujumbe haukupelekwa mkono kwa mkono kati ya vikosi. Uliachwa kwenye "sanduku", yaani duka au nyumba ambayo mwenyewe hakumjua anayeandika wala anayesoma. Waliobeba walikuwa hasa wanawake na wasichana. Karatasi ilikuwa nyembamba, yenye mwandiko mdogo, rahisi kufichwa na rahisi kumezwa.

Mtu akikamatwa, wote aliowajua walihama mara moja na masanduku yake yakafungwa. Aliyejulikana kwa polisi aliitwa "spalony", aliyeungua, naye alihamishiwa mji mwingine kwa hati mpya. Kwa hiyo aliyekuwa chini ya mateso alikuwa na kazi moja: kununua muda.

Mtego uliokamata wengi uliitwa "kocioł", sufuria. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakishaipata nyumba hawakuondoka; walikaa ndani kimya na kumkamata kila aliyebisha hodi. Ndiyo maana kukawa na ishara dirishani, na ndiyo maana mjumbe aliyechelewa kuiangalia aliingia mwenyewe. Kasoro ya pili ilikuwa ya kibinadamu: wenzako wa zamani wa jeshi au chuo hukujua uso hata ukibadilisha jina. Jenerali Stefan Rowecki, kamanda mkuu mwenye jina la siri "Grot", alikamatwa katika mtaa wa Spiska mjini Warszawa tarehe 30 Juni 1943 kwa kuuzwa na watu waliokuwa ndani ya ujasusi wa AK yenyewe. Aliuawa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Hakuna kanuni ya seli inayozuia hilo, kwa sababu kamanda hawezi kuongoza bila kuonana na mtu.

SWALI: Silaha walizitoa wapi?

JIBU: Walifukua zilizozikwa Septemba 1939 (nyingi zilikuwa zimeshika kutu), walinunua kwa askari wa Kijerumani, waliwapora, walidondoshewa kwa parachuti kutoka Uingereza na baadaye Italia, na walitengeneza. Mfano mzuri ni Błyskawica, bunduki ndogo ya rashasha ya milimita 9 iliyosanifiwa na Wacław Zawrotny na Seweryn Wielanier. Ilifungwa kwa skrubu na nyuzi za parafujo badala ya kuchomelewa, ili vipande vitengenezwe na karakana mbalimbali zisizojua zinatengeneza nini, kisha viunganishwe mahali pamoja. Zilitoka kama 700. Risasi za milimita 9 zilichaguliwa kwa sababu ndizo Wajerumani walizotumia. Fedha pia zilitafutwa kwa bunduki: tarehe 12 Agosti 1943 AK iliteka gari la benki mjini Warszawa likiwa na zloti zaidi ya milioni 105. Hata hivyo silaha hazikutosha siku yoyote ya vita ile, na jibu la swali la tano halieleweki bila kulikumbuka hilo.

SWALI: Nimesoma kwamba baadhi ya vikosi vya AK vilichukua silaha kwa Wajerumani ili kupigana na Wasovieti. Ni kweli au ni propaganda ya Moscow?

JIBU: Ni kweli kwa vikosi vichache vya maeneo ya Nowogródek (leo Belarus) na Wilno (leo Vilnius, Lithuania), majira ya baridi ya 1943 hadi 1944. Si kweli kwa AK kama jeshi. Propaganda ilichukua la kwanza ikalifanya la pili.

Mpangilio wa matukio ndio unaoeleza. Aprili 1943 Wajerumani walitangaza kufukua makaburi ya Katyń. Serikali ya Poland iliyokuwa London iliomba Msalaba Mwekundu uchunguze, na tarehe 25 Aprili Moscow ikavunja uhusiano nayo. Kuanzia hapo wapiganaji wa Kisovieti waliokuwa msituni waliihesabu AK kuwa adui. Tarehe 26 Agosti 1943, karibu na ziwa Narocz, walikizunguka na kukinyang'anya silaha kikosi cha Antoni Burzyński, "Kmicic". Yeye na makumi ya askari wake waliuawa. Tarehe 1 Desemba yaleyale yaliwapata watu wa AK kwenye msitu wa Naliboki. Adolf Pilch, afisa aliyeshushwa kwa parachuti kutoka Uingereza, akabaki na wachache, bila risasi, Wasovieti wakimwinda upande mmoja na Wajerumani wakiwa upande wa pili. Akafanya mapatano ya kutopigana na Wajerumani, akapokea silaha.

Makao makuu ya AK yalikataza mapatano ya aina hiyo. Kanali Aleksander Krzyżanowski, "Wilk", kamanda wa wilaya ya Wilno, alifuatwa na Wajerumani wakitaka muungano dhidi ya Wasovieti, akakataa. Tunavyoona sisi, Pilch aliokoa watu wake kwa wakati ule, na kwa kufanya hivyo akaipa Moscow hoja iliyotumika mahakamani kwa miaka kumi iliyofuata. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na msomaji asikubali kuambiwa achague moja.

SWALI: Kwa nini mwaka 1944 walijitokeza hadharani mbele ya jeshi la Stalin, wakijua ya Katyń?

JIBU: Hili ndilo swali gumu kuliko yote mliyotuma.

Mpango uliitwa Burza, tufani. Hatua zake zilikuwa hizi: jeshi la Ujerumani linapoanza kurudi nyuma, kikosi cha AK cha wilaya hiyo kinakusanyika na kulishambulia kwa nyuma, Wasovieti wakifika, kamanda wa AK pamoja na mjumbe wa serikali wanajitambulisha kuwa wenyeji wa nchi na kutoa ushirikiano wa kijeshi. Maelekezo ya London ya Oktoba 1943 yaliwataka wabaki wamejificha ikiwa uhusiano na Moscow haujarudi. Jenerali Tadeusz Komorowski, "Bór", aliyemrithi Rowecki, aliamuru tarehe 20 Novemba wajitokeze. Hoja yake ilikuwa kwamba jeshi likijificha, vita vyake vitaandikwa kwa jina la Wakomunisti, na Stalin atasema Poland haikuwa na mwenyewe.

Wilno inaonyesha lilivyokwenda. AK ilishambulia usiku wa kuamkia tarehe 7 Julai 1944, ikapigana bega kwa bega na Jeshi Jekundu, na mji ukatekwa tarehe 13. Tarehe 17 Krzyżanowski aliitwa kwenye mazungumzo, akakamatwa hapohapo. Maafisa wake waliokusanyika Bogusze wakakamatwa siku hiyo hiyo, na askari kwa maelfu wakafungiwa Miedniki. Wengi walipelekwa Kaluga kuingizwa katika Jeshi Jekundu. Walikataa kula kiapo, wakapelekwa kukata miti. Lwów ilifuata kwa namna hiyohiyo mwishoni mwa Julai. Utaratibu ulikuwa mmoja kila mahali: ushirikiano maadamu Mjerumani yupo, kisha mwaliko wa mazungumzo.

Warszawa haikuwamo katika mpango wa awali, na sehemu ya rashasha zake zilikuwa zimeshapelekwa wilaya za mashariki. Hata hivyo AK iliinuka humo dhidi ya Wajerumani tarehe 1 Agosti saa 11 jioni, na vita vikadumu siku 63. Ni haki kusema kwamba mwanzoni mwa Agosti Wajerumani walivirudisha nyuma vifaru vya Kisovieti karibu na Wołomin. Lakini katikati ya Septemba Jeshi Jekundu lilikuwa Praga, sehemu ya Warszawa iliyo ng'ambo ya mto Wisła, likiuona mji unavyowaka. Ndege za misaada zilitoka Brindisi nchini Italia, zaidi ya kilomita 1,200 kwenda tu, kwa sababu Stalin alikataa zitue kwenye viwanja vyake. Alipokubali, tarehe 18 Septemba, ndege 110 za Marekani zilidondosha mizigo kutoka juu sana na sehemu kubwa ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Raia waliokufa ni kati ya 150,000 na 200,000.

SWALI: Waliobaki hai waliishia wapi?

JIBU: Okulicki, ambaye Wasovieti walikuwa wamemwachia mwaka 1941 baada ya Hitler kuwavamia, ndiye aliyeivunja AK rasmi tarehe 19 Januari 1945. Machi mwaka huo yeye na viongozi wengine walialikwa na Wasovieti kwenye mazungumzo Pruszków, karibu na Warszawa, wakasafirishwa hadi Moscow, na watu 16 wakashtakiwa mwezi Juni. Alifungwa miaka 10, akafia gerezani Desemba 1946.

August Emil Fieldorf, "Nil", aliyeongoza kitengo cha hujuma cha AK, alikamatwa na NKVD mwaka 1945 akiwa na hati za jina la bandia. Hawakumtambua, na jina hilo lilimvusha salama kambi ya Urali hadi akarudi nyumbani mwaka 1947. Kisha akajitokeza kwa jina lake halisi. Alikamatwa Novemba 1950, akanyongwa Warszawa tarehe 24 Februari 1953.

Katika gereza la Mokotów mjini humo humo, mwaka 1949, afisa wa AK Kazimierz Moczarski aliwekwa chumba kimoja na Jürgen Stroop, jenerali wa SS, kikosi cha chama cha Hitler, aliyeteketeza geto la Warszawa, mtaa walimofungiwa Wayahudi. Walikaa pamoja kwa miezi kadhaa. Stroop alinyongwa mwaka 1952. Moczarski alitoka mwaka 1956.