Ukipakumbuka Nyumbani, Nenda Msimu wa Korosho

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tandahimba, Mtwara, anayeishi Dar ameniandikia. Anasema tangu bibi yake afariki, akipita tu mahali wanapokaanga korosho machozi yanamlengalenga. Usiku anaota nyumba ya bibi, anaamka hana raha. Anauliza afanyeje. Mwisho kabisa, kama jambo dogo, akaongeza kwamba wajomba zake wameanza kuzungumzia kuuza shamba.

Mdogo wangu, hapo mwisho ndipo ungeanzia.

Mimi ni wa Newala. Nimelelewa na bibi mzaa mama, si mbali na Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na chini yako unaona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Bibi alikuwa na nembo za chale usoni na tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni, kwenye mdomo wa juu, ingawa ndonya yenyewe nilikuta ameshaivua. Nilipokuja Dar kusoma sekondari nilikuwa na picha yake ndogo aliyopigwa na mpiga picha wa kupita. Wenzangu bwenini walipoiona walicheka hadi wakajishika mbavu. Sikusema kitu, ila majina yao ninayo mpaka leo. Watu wa kusini tumechekwa sana katika nchi hii, tuyaache hayo.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni bibi akibangua korosho. Anaweka bati kuukuu lenye matundu juu ya mafiga, anamwaga korosho na maganda yake, anakoroga kwa mti mrefu huku uso kaugeuzia pembeni. Zikishapata moto mafuta yanachuruzika na kuwaka, moshi mweusi unapanda, na sisi watoto tunafukuzwa maana yale mafuta yakikurukia yanababua ngozi. Halafu anazimwaga chini na kuzifukia mchanga moto ufe. Zikipoa tunakaa mkekani, kila mtu na jiwe lake. Unaigonga ubavuni, taratibu, la sivyo inapasuka vipande. Vipande tulikula wenyewe, nzima ziliwekwa kwa ajili ya wageni. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi msimu mzima, na hakuna aliyeona aibu.

Watoto wangu wanaijua korosho ya kwenye vipakiti, ile inayouzwa dirishani mwa gari kwenye foleni.

Bibi alipofariki, mikorosho ilibaki chini ya mjomba. Kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Marehemu mjomba alikuwa mtu wa haki. Kila msimu alinipigia: "Mama, korosho zenu zimeshaingia ghalani." Wala sikuwa na haja ya kuuliza. Naye alipotangulia, waliokuwa karibu na shamba ni watoto wake, na hapo ndipo simu zilipokatika. Tukaja kusikia kwa jirani kwamba mikorosho imewekwa rehani kwa mnunuzi wa kangomba, wale wanaokuja mkulima akiwa na njaa, kabla ya msimu, wanampa fedha kidogo na wakati wa mavuno wanabeba gunia kwa gunia.

Nilipanda basi. Kikao cha ukoo kilikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na binamu yangu mmoja akasimama mbele ya wazee akasema mimi ni mtu wa Dar, nimekuja kuvuna nisichopanda. Mimi! Niliyekuwa naokota korosho hizo kabla ya kwenda shule, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Sitaki kusema mengi, anasoma hapa. Nilichofanya ni kutafuta fedha na kuikomboa ile mikorosho, yote, na hati ya makubaliano ikaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Leo inapaliliwa, inapuliziwa salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usiimalize, korosho zinapimwa kwenye mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinapigwa mnada kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unakaa ghalani na mkulima anabaki na risiti yake, na malipo yanaingia benki kila mwenye haki akiona. Si kwamba najisifu. Ila ndiyo, najisifu kidogo.

Na nisikilize kwa hili. Msimu wa 2017, bei ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, kila mtu wa kusini aliyeko Dar alipakumbuka nyumbani ghafla. Nilipigiwa na ndugu ambao hata sura zao sizijui, wote wakiniambia jinsi walivyompenda bibi. Bei iliposhuka, mapenzi nayo yakashuka. Ndiyo maana mtu akiniambia anapakumbuka kwao, siku hizi namuuliza swali moja tu: palizi ya mwaka huu umechangia shilingi ngapi?

Kwa hiyo kijana wangu, ushauri wangu ni huu: nenda msimu. Usingoje msiba. Msibani unakuta watu wamekaa matangani na kila mmoja ana lake moyoni, huoni nyumbani pale, unaona turubai. Nenda Oktoba au Novemba, ukute mabibo, yale matunda ya mkorosho, yamedondoka chini ya mikorosho na harufu yake imejaa njia nzima. Okota mwenyewe, kiuno kikuume. Nenda na watoto ili wakale ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, waulize maswali ya kijinga, wazee wanayapenda. Mkalishe mama mkubwa wako, washa simu umrekodi: nani alipanda mikorosho ile, mpaka uko wapi, nani alizikwa upande gani. Hayo ya mpaka na makaburi rekodi mara mbili, siku ya kikao yatakufaa kuliko machozi.

Na usiniambie ni mbali. Wazazi wetu walivuka Rufiji kwa kivuko, na masika magari yalikwama kwenye tope kati ya Ndundu na Somanga, kilomita 60 tu, watu wakilala njiani. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003, na kile kipande cha tope kina lami sasa. Unaondoka Mbagala alfajiri, jioni uko kwenu. Mwenye kisingizio leo ana jambo lake lingine.

Kuhusu wajomba zako: wapigie kabla hawajapata mteja, na uongee kwa adabu, shikamoo mbele. Usiende na maneno ya urithi siku ya kwanza. Uliza gharama za palizi, toa fungu lako, kisha ndipo useme kwamba usingependa shamba liuzwe. Wakikataa, omba kikao cha ukoo, umwite na mama yako, maana haki yako inapitia kwake. Ndoto za nyumba ya bibi zitapungua zenyewe, nakuhakikishia. Utakuwa unaota magunia.

Na wale ndugu zangu wa Newala mnaosoma hapa kimyakimya bila kutoa maoni, fedha ya petroli ya mashine ya kupulizia bado haijatimia. Daftari analo mama mkubwa.