Maswali Yenu: Insha za Kuokota Mtandaoni

Barua za safari hii karibu zote ni za jambo moja: wanafunzi kuchukua insha mtandaoni na kutia majina yao juu. Nimezijibu pamoja, baadhi nimezifupisha.

Mwanangu yuko sekondari. Insha huzitoa kwenye simu, nikimkanya husema, "Mama, mwalimu hatajua." Kweli hatajua? (Mama, Langoni, Lamu)

Mama, mwalimu hujua kabla hajafika aya ya pili. Niliwahi kusahihisha insha ya safari ya kwenda kwa nyanya: teksi ikapiga honi mlangoni, dereva akapakia mizigo, wakaondoka kwa kasi. Mwandishi alikuwa mtoto wa Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja sharti angoje. Teksi ilipitia wapi? Chini yake methali tano zimefuatana, na hakuweza kunieleza hata moja. Mwambie akusomee insha kwa sauti, umsimamishe penye neno zito umwulize maana yake. Akigugumia, umeshajua.

Nasoma chuo Mombasa, kwetu ni Lamu. Aya niliipata mtandaoni lakini maneno nimeyabadilisha yote. Mhadhiri anasema ni wizi. Wizi gani?

Tuseme uliyoisoma ilikuwa hivi: "Ngome ya Lamu ilianza kujengwa mwaka 1813 ikamalizika 1821, na ujenzi wake wadhihirisha hofu iliyobaki mjini baada ya vita vya Shela." Nawe ukaandika: "Boma la Lamu lilianzwa mwaka 1813 na kukamilika 1821, na kujengwa kwake kwaonyesha woga uliosalia kwa wenyeji baada ya mapigano ya Shela." Umeivisha kanzu nyingine tu, mwili ni uleule. Ile miaka si mali ya mtu, kila anayeandika juu ya ngome anaitaja. Hilo la hofu ndilo lenye mwenyewe: ni hoja ya mtu aliyekaa akafikiri, nawe umeipitisha kama yako. Funga ukurasa, mweleze mwenzako kwa mdomo, kisha andika ulivyoeleza, na umtaje mwenye hoja. Ukiyataka maneno yake hasa, yatie alama za kunukuu. Kumtaja hakukupunguzii kitu.

Kompyuta ya chuo imesema kazi yangu inafanana na nyingine kwa asilimia 28. Nimekwisha? (Malindi)

Si lazima. Programu kama Turnitin hulinganisha maandishi yako na kurasa za mtandao, majarida na kazi za wanafunzi waliokutangulia. Inaona kufanana, haimwoni mwizi. Hata nukuu ulizozitia alama na orodha ya vitabu huweza kuhesabiwa humo. Mtu anaweza kuwa na 28 akawa safi, mwingine akawa na 6 na zote ni aya moja aliyoinyakua nzima. Omba ripoti yenyewe, utazame palipotiwa rangi.

Nafundisha Malindi. Wanafunzi watatu wameleta insha moja kuhusu umuhimu wa utalii, hata makosa ya tahajia ni yaleyale. Niwafanye nini?

Mwalimu mwenzangu, hao watatu waite mmoja mmoja, kila mtu akueleze insha "yake", kisha waandike upya kwa mkono mbele yako. Hilo ni jepesi. Zito ni hili, na usinichukie: mada hiyo imejibiwa mtandaoni mara zisizohesabika. Wape isiyo na jibu la kuokota. Watume njia ya kwenda Nguzo ya Vasco da Gama wakamwulize mwenye kuuza vinyago: Aprili, mvua zikinyesha, anauza nini na Desemba anauza nini, na akikosa wageni anakula nini. Hakuna mtandao utakaowapa hayo. Rasimu ya kwanza waiandike darasani, ubaki nayo, wakileta insha kamili uziweke ubavuni. Najua, madaftari hamsini si mchezo. Basi fanya hivyo kwa insha moja tu kila muhula.

Nina digrii, kazi sina. Nawaandikia insha wanafunzi wa Uingereza, wanalipa vizuri. Ni kosa? (Kijana, Malindi)

Kijana, sheria ya mwaka 2022 imefanya kuwauzia insha wanafunzi wa vyuo vya England kuwa jinai. Australia ilitangulia mwaka 2020. Sitakuhubiria, maana vijana wengi wa Kenya wanalipa kodi ya nyumba kwa kazi hii. Lakini tazama unavyopunjwa wewe: mwenzako anatunukiwa shahada, nawe ukienda kuomba kazi huna hata ukurasa mmoja wa kuonyesha, kwa kuwa huwezi kusema uliuandika. Kutafiti na kuandika upesi kuna soko la halali: uhariri, tafsiri, kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa. Malipo ya mwanzo ni madogo, sikufichi.

Naweza kupeleka tena insha yangu ya mwaka jana? Si ni yangu?

Ni yako, ila alama zake ulishapewa. Mwulize mhadhiri kwanza, tena kwa maandishi.