Kabla hujakimbilia studio, peleka wimbo jukwaani

Nilipoanza kuimba reggae nilifanya kosa ambalo vijana wengi wanaoniomba ushauri wako mbioni kulifanya: nilikimbilia studio. Nyimbo tatu, akiba yangu yote, na hakuna hata mmoja niliokuwa nimeuimba mbele ya watu. Miezi miwili baadaye tukaziimba laivu. Wimbo wa pili tulikuwa tumeuweka juu mno. Ubeti wa kwanza nikapita salama. Kibwagizo kilipofika sauti ikakatika, na mpiga besi akanitupia jicho kisha akainamia nyuzi zake. Watu hawakunizomea. Waliendelea na mazungumzo yao, na hilo linauma kuliko kuzomewa.

Siku hizi kijana akinifuata namsimulia habari za mwimbaji wa reggae Lucky Dube. Alizaliwa Ermelo, Afrika Kusini, mwaka 1964, akaanza na mbaqanga, muziki wa dansi wa huko kwao, kwa Kizulu, na santuri zake zilikuwa zikiuza nakala kama 30,000. Jukwaani alikuwa akichomekea reggae mbili tatu, akaona watu wanavyozipokea. Hapo ndipo alipoamua kurekodi. Mwaka 1984 akatoa santuri ya reggae, Rastas Never Die. Ikauza nakala kama 4,000 tu, na serikali ya makaburu ikaipiga marufuku.

Wewe ungefanya nini? Mimi, nakiri, ningerudi kwenye mbaqanga kesho yake asubuhi. Yeye aliendelea kuziimba zile reggae jukwaani, kwa sababu mauzo yalisema hivi na macho yake yalikuwa yameona vile. Mwaka 1985 akatoa Think About the Children, na hiyo ikafikia mauzo ya platinamu, kiwango cha santuri zinazouzwa kwa wingi sana. Aliendelea kuimba hadi alipouawa kwa risasi Johannesburg, Oktoba 2007, na wanyang'anyi waliotaka gari lake. (Na kwa wale wanaodhani moshi ndio unaoleta sauti: huyu alijulikana kwa kutogusa bangi wala pombe.)

Kwa hiyo uimbe wimbo mbele ya watu mara nyingi kabla hujautolea hela. Usiwaulize rafiki zako kama ni mzuri, watakudanganya kwa upendo. Angalia miguu. Angalia ni neno gani linawafanya wageuze shingo, na ni wapi wanarudi kwenye simu zao.

Reggae inahitaji mazoezi hayo kuliko miziki mingi kwa sababu ya nafasi zake. Katika ule mdundo wa wan dropu mpiga ngoma huliacha pigo la kwanza wazi, uzito wote ukaangukia la tatu. Mwimbaji aliyezoea kuimba peke yake chumbani huogopa ule uwazi, akaujaza maneno. Mimi niliujaza. Mpiga besi ndiye aliyeniambia siku moja, kwa upole, "Kaka, hapo ni kwangu."

Ule wimbo wa pili tuliushusha sauti mbili, nikafuta mistari minne ya ubeti wa kwanza, tukawa tunaupiga kila wiki. Jioni moja nilichelewa kuingia kwenye kibwagizo kwa sababu nilikuwa narekebisha kipaza sauti, nikakuta watu wa mbele wameshakianza. Tukarudi studio na wimbo huo, tukaumaliza mchana mmoja. Zile nyingine mbili nilizitupa.