Chenga zilikwenda wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Zamani TV yetu ilijaa chenga, lakini mpira tuliuona hadi dakika ya mwisho. Sasa tuna king'amuzi cha antena. Picha ni safi kabisa, ila mvua ikinyesha inaganda vipande vipande, kisha giza. Je, dijitali ni dhaifu kuliko analojia? – Msomaji, Marangu

JIBU: Marahaba. Si dhaifu, ila ugonjwa wake hauonekani mapema.

Kabla mitambo ya analojia haijazimwa huku kwetu Moshi na Arusha mwaka 2013, wimbi lenyewe ndilo lililokuwa picha. Kimo chake kikibadilika kidogo tu, mwanga kwenye kioo nao ulibadilika. Chochote kilichodandia njiani, iwe cheche za pikipiki au mashine ya jirani ya kuchomelea, kiliingia hadi kwenye kioo, kwani TV haikuweza kujua kipi kimetoka kituoni na kipi ni mdandiaji. Hizo ndizo chenga.

Kwenye dijitali picha hupimwa kwanza, na vipimo vikaandikwa kwa 0 na 1. Wimbi hubeba alama chache zilizokubaliwa. Kazi ya king'amuzi ni kuamua tu kilichopokelewa kiko karibu na alama ipi. Wimbi likichafuka kidogo, bado linasomeka. Tena kituo huongeza tarakimu za kusahihishia, hivyo hata zikipotea kadhaa, king'amuzi huzirudisha. Makosa yakizidi uwezo huo, picha huganda vipande vipande, kisha hupotea yote.

Mvua yenyewe haizuii mawimbi ya antena kiasi hicho (dishi ni habari nyingine). Nashuku waya wako. Mwezi uliopita niliitwa na mama mmoja wa Kilema mwenye shida hiyohiyo. Antena ilifungwa kwenye mti wa mgrevilea, waya umeungwa kwa mkono katikati na kuviringishwa mfuko wa nailoni. Nilipoufungua, maji yalinichuruzika kiganjani, shaba imekuwa kijani. Kwenye menyu ya king'amuzi, nguvu ya mawimbi ilikuwa nzuri, lakini ubora, yaani jinsi yanavyosomeka bila makosa, ulikuwa unapanda na kushuka. Nikavuta waya mpya usio na kiungo, ubora ukatulia.

Nawe fungua menyu, tazama ubora, usitazame nguvu peke yake. Tazama siku ya jua, picha ikiwa safi. Ubora ukiwa chini hata siku hiyo, ujue king'amuzi kinasahihisha makosa mengi kimyakimya; anza na waya kabla hujanunua king'amuzi kingine.