Babel: usimtafute steringi, ifuate bunduki

Ndugu yangu uliyeuliza kama filamu ya Babel inafaa kumalizwa, umesema uliizima baada ya nusu saa kwa kuwa inaruka mara Moroko, mara Japani, na hujui steringi nani. Nakuomba uirudie. Steringi hamna. Kuna bunduki, ifuate hiyo.

Mjapani alikwenda kuwinda Moroko, akamzawadia bunduki yake Hassan, aliyemuongoza porini. Hassan akamuuzia Abdullah kwa dirhamu 500 na mbuzi mmoja, maana mbweha wanamaliza mifugo. Abdullah akawapa wanawe wawili wachungaji. Watoto wameambiwa risasi yake inafika kilomita 3, wakataka kuhakikisha, wakalenga basi linalopita bondeni. Ndani mna watalii, na Mmarekani mmoja, Susan, anapigwa risasi. Watoto wa Susan wameachwa Marekani na yaya wao, Amelia. Harusi ya mwanawe Amelia iko Meksiko na amekosa wa kumshikia watoto, basi anavuka nao mpaka. Tokyo nako yuko Chieko, binti kiziwi aliyefiwa na mama. Babake ndiye yule mwindaji.

Tizama sasa: zawadi, biashara, mchezo wa watoto, harusi. Hakuna hata mmoja aliyeamka siku ile akusudie shari. Ndilo linalonikamata roho kila nikiitizama.

Nadhani tunachokwama nacho sisi huku Unguja ni mazoea. Tumekulia sinema za Kihindi, ndugu wakipotezana utotoni lazima mwisho wakutane, mama awatambue, watu walie. Babel haikupi hayo. Chieko hatamjua Yussef, yule kijana aliyefyatua risasi, wala Yussef hatamjua Amelia. Anayewajua wote ni wewe unayetizama, na mzigo huo unaubeba peke yako mpaka mwisho.

Jengine ni wakati. Usidhani unachokiona kimefuatana kama kilivyooneshwa. Mapema kabisa Amelia yuko na watoto nyumbani, simu inalia, mtoto wa kiume anazungumza na baba yake mambo ya skuli. Karibu na mwisho unaiona simu ileile upande wa pili: baba yuko hospitali, anamsikiliza mwanawe na machozi yanamtoka, hataki mtoto ajue. Ina maana Amelia anapoondoka kwenda harusini, makubwa ya kule Moroko yameshapita. Ukilishika hilo, kurukaruka kote kunakaa sawa.

Mie nimetembeza wageni Mji Mkongwe na kwenye mashamba ya viungo, ndiyo maana sehemu ya kijijini naiona ndiyo moyo wa filamu. Anwar, muongoza watalii, anampeleka majeruhi kijijini kwao. Anayemshona ni daktari wa mifugo, bila ganzi. Bibi kizee anakaa naye, anamvutisha kiko kumpunguzia maumivu. Huku wenzake wa basi wanalalamikia joto, wanakiogopa kijiji, mwisho wanaondoka na kumwacha. Anwar habanduki. Helikopta inapokuja, mume wa Susan anatoa pesa ampe, naye anazikataa. Sijaona filamu nyengine iliyoiheshimu kazi hii namna ile.

Na huku nje dunia nzima inatangaziwa kuwa ni ugaidi, wakati ni watoto wa mchungaji. Sisi tunaokula kwa utalii tunajua onyo moja la ubalozi linavyoweza kuwakimbiza wageni, hata wale ambao hawajafika wakatuona.

Ya Tokyo imefungwa kwa uzi mwembamba kuliko nyengine, hilo nakubali. Lakini Rinko Kikuchi anaicheza bila kutamka neno, na upweke wake unaufahamu bila kufasiriwa. Yeye na Adriana Barraza, aliyemcheza Amelia, wote wawili waliteuliwa Oscar kwa filamu hii, na ni haki yao.

Kabla hujaanza, tafuta nakala yenye maandishi chini yaliyokamilika, kwani mna Kiarabu, Kihispania, Kijapani, Kiingereza na lugha ya ishara. Ukifika disko na Chieko sauti ikakatika ghafla, spika zako nzima. Unasikia anavyosikia yeye. Na usiiweke sebuleni mbele ya wazee na watoto, kwani mna utupu, hasa sehemu ya Japani. Ni saa 2 na dakika 23, itizame kwa mkupuo mmoja.

Ukiipenda, tafuta Amores Perros ya mwaka 2000, ya muongozaji huyohuyo Alejandro González Iñárritu na mwandishi Guillermo Arriaga. Ile ina hadithi tatu zinazokutana kwenye ajali moja ya gari Mexico City. Mna mapigano ya mbwa, ni ngumu kutizama, ila kwa anayetaka kujua Babel ya 2006 ilitokea wapi, ndiyo ya kuanzia.